Ufugaji wa samaki wa diskasi Mwihoko: Pima maji ya kisima kabla ya kununua samaki

MKAZI wa Mwihoko anayetamani kufuga samaki wa mapambo sebuleni kwake kwa kawaida huanza kwa kuulizia bei ya samaki. Kwa samaki wa dhahabu, mazoea hayo huenda yasimletee hasara kubwa. Kwa diskasi, ambaye bei yake ni mara nyingi zaidi, mazoea hayo yanaweza kummalizia kundi zima katika muda wa wiki chache.

Diskasi ni samaki bapa, mviringo mithili ya sahani, anayefikia urefu wa sentimita 15 hadi 20. Asili yake ni mto Amazon na matawi yake huko Amerika Kusini. Mtaalamu wa samaki wa Austria, Johann Jakob Heckel, ndiye aliyemweleza kisayansi mwaka 1840 na kumpa jina la Symphysodon. Ni wa ukoo mmoja na tilapia wetu wa Ziwa Victoria, ingawa ukiwaweka ubavu kwa ubavu hutadhani kama ni ndugu. Katika mji wa Barcelos nchini Brazili, ukingoni mwa mto Rio Negro, hufanyika tamasha la samaki wa mapambo ambalo wakazi hugawanyika makundi mawili, moja likimshangilia diskasi na jingine samaki mdogo aitwaye kardinali. Hata hivyo, wengi wa diskasi wanaouzwa duniani leo hawatoki mtoni. Wamezalishwa kwenye matangi, hususan barani Asia, na rangi zao nyekundu na samawati iliyokoza ni kazi ya wazalishaji.

Maji ya asili ya samaki huyu yana sifa tatu: madini kidogo sana, asidi kiasi, na joto la nyuzi 28 hadi 30 mwaka mzima. Mwihoko haina hata moja ya sifa hizo kwa urahisi. Wadi hii ya eneobunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu, iko katika mwinuko wa mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwa na baridi kali. Kuhusu maji, wakazi hupata ya mfereji ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Ruiru-Juja, ya visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, au ya kununua kwa wauzaji ambao nao mara nyingi huyateka visimani. Hayo si maji ya aina moja, na hapo ndipo penye kiini cha jambo hili.

Visima vya Nairobi na viunga vyake hupenya miamba iliyotokana na volkano. Maji yake yanajulikana kwa kuwa na floridi ambayo mara kwa mara huzidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kwa mfugaji wa diskasi, hata hivyo, kikubwa zaidi ni kwamba maji hayo aghalabu hubeba bikaboneti ya sodiamu kwa wingi, yaani chumvi ileile iliyomo katika magadi ya kupikia.

Watu wengi hupima ugumu wa maji kwa sabuni. Povu likitoka vizuri, husema maji ni laini. Kwa maji ya kisima cha huku, kipimo hicho hupotosha. Sabuni hukataa kutoa povu kwa sababu ya kalsiamu na magnesiamu, na maji haya huwa na madini hayo kidogo tu. Bikaboneti haizuii povu, ilhali ndiyo inayoyafanya maji kuwa na pH ya 8 au zaidi, na ndiyo inayoyashikilia hapo. Ukitia siki au dawa ya kushusha pH, kipimo hushuka jioni na asubuhi huwa kimerudi kilipokuwa. Diskasi hustahimili kipimo kisichomfaa sana kuliko kipimo kinachopanda na kushuka kila siku.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza kununuliwa ni kile cha kupimia maji kwa matone. Pima pH, kisha upime ugumu wa kaboneti, ambao ndio unaoonyesha wingi wa bikaboneti. Diskasi waliozalishwa kwenye matangi huishi vyema katika pH ya 6 hadi 7, na wengi huvumilia hata 7.5 mradi isiyumbe. Maji ya mfereji yanayotoka kwenye mito ya milima ya Aberdare huwa na madini machache, hivyo aliye nayo ana nafuu kubwa. Kazi yake ni kuondoa klorini tu, kwa kuyaacha wazi kwenye pipa saa 24 huku pampu ya hewa ikiyatikisa, au kwa dawa maalumu ya matone.

Aliye na maji ya kisima pekee atafute msaada juu ya paa lake. Maji ya mvua hayana karibu madini yoyote, na mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba hutosha kujaza tangi la plastiki la lita 1,000. Yapo masharti. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi imwagwe, kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mabati makuukuu yasiyo na rangi nayo hutoa zinki, na zinki ni sumu kwa samaki, hasa katika maji laini. Paa la vigae au mabati yaliyopakwa rangi ni salama zaidi. Isitoshe, maji ya mvua yasitumike peke yake, kwani bila bikaboneti hata kidogo pH huweza kuporomoka ghafla usiku mmoja. Anza kwa kuchanganya ndoo mbili za mvua na moja ya kisima, upime, kisha upunguze au uongeze.

Hesabu yake haitishi. Tuchukue tangi la vioo lenye maji lita 270. Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, unahitaji lita 68 hivi. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Septemba ni wiki 17, yaani lita zisizofika 1,200, na theluthi mbili zake ni lita 800 za mvua. Tangi moja la lita 1,000 lililojaa mwezi wa Mei linakuvusha hadi mvua za Oktoba.

Tunarudi kwenye tangi lenyewe. Mafundi wa vioo wanaweza kuliunda kwa kioo cha unene wa milimita 10, lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kimo 50. Gundi iwe silikoni safi isiyotiwa dawa ya kuvu, nayo iachwe ikauke kwa wiki nzima kabla ya kujaribiwa kwa maji. Uzito wake likiwa limejaa hupita kilo 330, na hiyo si meza ya televisheni itakayoubeba. Anayeishi ghorofani aliweke kando ya ukuta unaobeba nyumba, na azungumze na mwenye nyumba kwanza.

Joto ndilo gharama isiyokwisha. Hita yenye nguvu ya wati 300 ikiwaka nusu ya siku hutumia yuniti 3.6 za umeme, sawa na yuniti 108 kwa mwezi. Zidisha idadi hiyo kwa bei ya tokeni uliyolipa mara ya mwisho, uone kama bado unamtaka diskasi. Gharama hupungua ukifunika tangi kwa kioo juu, ukabandika ubao wa foma nyuma na kando, na kuweka mwingine chini yake. Ni heri pia kutumia hita mbili za wati 150 badala ya moja kubwa. Moja ikiharibika na kukwama ikiwaka, haina nguvu ya kuwachemsha samaki. Moja ikizima, nyingine huchelewesha baridi.

Umeme ukipotea usiku, tangi la ukubwa huu katika chumba chenye nyuzi 18 hupoteza takriban nusu nyuzi kila saa. Baridi basi si adui wa kwanza. Adui wa kwanza ni ukosefu wa hewa. Maji ya nyuzi 29 hubeba oksijeni kidogo, na kwa mwinuko wa Mwihoko hubeba pungufu kwa takriban moja ya sita yakilinganishwa na maji ya joto hilohilo kule Mombasa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni ya lazima hapa, na si anasa. Lizungushie tangi blanketi, na usiwalishe samaki hadi umeme urejee.

Sasa mimea. Wengi hudhani kwamba kila mmea wa majini utamfaa samaki wa Amazon, kumbe mingi huoza kwa joto la nyuzi 29. Inayostahimili ni michache: Echinodorus, mmea wa majani marefu kama upanga utokao Amerika, Vallisneria, wenye majani kama utepe, feni wa Java, na Anubias, mmea wa misitu ya Afrika Magharibi na ya Kati ambao hukua polepole na hauombi mwanga mwingi. Anubias na feni wa Java hufungwa kwa uzi kwenye gogo au jiwe. Shina lao nene likizikwa mchangani huoza. Kwa mimea hii huhitaji mtungi wa gesi ya kaboni, na taa ya saa nane kwa siku hutosha. Ukizidisha, utavuna ukungu wa kijani kwenye vioo.

Mchanga wa mto unaouzwa kwa ujenzi hufaa, lakini uoshwe hadi maji yatoke meupe. Kabla ya kuutia, udondoshee siki. Ukitoa mapovu una chokaa, na utayafanya maji kuwa magumu kadiri siku zinavyokwenda. Kwa sababu hiyo mchanga wa matumbawe na makombe ya Pwani, ingawa unapendeza, usiingie kwenye tangi hili. Tandaza sentimita tano tu, kwani tabaka nene huficha uchafu ambao diskasi hausamehe.

Tangi lililopandwa na kujazwa bado halijawa tayari. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Aina moja ya bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huifyonza. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita, wakati mwingine zaidi, kujijenga ndani ya kichujio. Tia chembe za chakula cha samaki kila siku katika tangi tupu, uwashe hita na kichujio, na upime. Amonia hupanda kwanza, kisha nitriti, kisha zote hushuka hadi sufuri na kubaki hapo. Katika maji ya kisima yenye pH ya 8 jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayoua kuliko katika maji yenye pH ya chini, na joto huongeza madhara hayo. Ni katika wiki hizi ambapo subira huwaisha wengi, na ni katika wiki hizi ambapo samaki wengi hufa.

Nunua diskasi sita kwa pamoja, wa kimo kimoja. Wakiwa wawili au watatu, mbabe mmoja huwazuia wenzake kula. Chagua mwenye umbo la mviringo kamili na jicho linaloonekana dogo kwa mwili wake, kwani jicho kubwa kwa mwili mdogo ni dalili ya samaki aliyedumaa. Anayegeuka mweusi, anayejificha pembeni, au anayetoa kinyesi cheupe kama uzi ni mgonjwa. Mwombe muuzaji awalishe mbele yako. Diskasi asiyekula dukani hataanza kula nyumbani kwako.

Kuhusu chakula, wafugaji wengi duniani hutumia moyo wa ng'ombe, ambao kila bucha ya Githurai huuza. Ondoa mafuta na mishipa yote, usage na spinachi, ugandishe, na utoe kiasi kinachokwisha kwa dakika tano. Usiwe chakula pekee, na mabaki yaondolewe papo hapo. Minyoo ya kuokota mitaroni iepukwe kabisa.

Anayeagiza samaki hai kutoka nje anahitaji kibali cha Huduma ya Uvuvi ya Kenya, iliyoanzishwa chini ya sheria ya uvuvi ya mwaka 2016, na mimea huhitaji kibali cha shirika la KEPHIS. Hayo si makaratasi ya bure. Gugumaji lililoziba ghuba za Ziwa Victoria lilitoka huko huko Amazon kama ua la mapambo, na lilionekana upande wa Kenya mwaka 1990. Diskasi akitupwa katika mto Ruiru huenda akafa kwa baridi, lakini mmea unaweza kuota, na maji ya Ruiru huingia Athi na kufika hadi Bahari Hindi karibu na Malindi. Mimea uliyopogoa ianikwe juani hadi ikauke kabisa, ndipo ichomwe au itupwe.

Baada ya mwaka mmoja hivi, jozi huweza kutaga mayai kwenye jani la Echinodorus au kwenye kioo. Katika maji yenye bikaboneti nyingi mengi hugeuka meupe na kuota kuvu, kwa hiyo anayetaka kuzalisha huongeza sehemu ya maji ya mvua. Yakianguliwa, usiwatenge watoto na wazazi. Kwa siku za mwanzo hawali kitu kingine ila ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama, na huonekana wakiwa wameganda ubavuni mwao kama vumbi.