Kutoka Kivuko hadi Mapumziko: Historia ya Safari za Majini na Mvuto Wake kwa Mkazi wa Kigali

Basi liendalo Huye kutoka Nyabugogo huvuka daraja la Nyabarongo muda mfupi baada ya kuuacha mji wa Kigali. Chini yake hupita maji mazito ya rangi ya udongo, na ni abiria wachache wanaoyatazama kwa jicho la mtu anayetamani kuyasafiria. Jambo hili linahitaji maelezo, kwa sababu katika nchi nyingi mto mkubwa uupitao mji mkuu ndio huwa wa kwanza kugeuzwa mahali pa mapumziko. Rwanda haikufuata njia hiyo. Anayetaka kupumzika juu ya maji bila kuvuka mpaka huelekezwa Ziwa Kivu, mwendo wa saa tatu au zaidi kwa gari. Makala haya yanadai kwamba tofauti hiyo ni ya kihistoria kuliko ya kijiografia, na kwamba sera ya utalii wa ndani itakayoipuuza historia hiyo itamuuzia mwananchi bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mgeni.

Jiografia ina sehemu yake, bila shaka. Nyabarongo hujaa na kupungua kwa majira, hubeba udongo mwingi wa mashamba ya milimani, na tangu katikati ya miaka ya 2010 umekatizwa na bwawa la umeme katika wilaya ya Muhanga. Lakini mto huo tangu zamani ulieleweka kama mpaka wa kuvukwa, na si njia ya kusafiria. Mila ya kifalme iliwakataza wafalme waliotawazwa kwa jina la Yuhi kuuvuka. Wabelgiji walipomwondoa Yuhi Musinga madarakani mnamo Novemba 1931 na kumpeleka Kamembe, walimvusha mto ambao cheo chake chenyewe kilimzuia kuuvuka, na wapo walioliona tendo hilo kuwa zito kuliko amri ya kumwondoa. Kwa watu wa kawaida Nyabarongo ulikuwa mtumbwi, mvushaji na ujira wake. Mtu alishuka upande wa pili akaendelea na safari kwa miguu.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 22 Novemba 1992, katika mkutano wa hadhara huko Kabaya, Léon Mugesera alikuwa ameutaja Nyabarongo kama njia ya kuwarudisha Watutsi Ethiopia, na mahakama ya Rwanda ilimhukumu kifungo cha maisha mwaka 2016. Wakati wa mauaji ya kimbari miili ilitupwa mtoni, ikachukuliwa na Akagera hadi Ziwa Victoria, na wavuvi na wanakijiji wa pwani ya Uganda wakawazika watu wasiowajua katika sehemu kama Kasensero, Lambu na Ggolo. Kila mwaka, katika kipindi cha kumbukumbu, familia hufika ukingoni mwa Nyabarongo na kutupa maua majini. Mshauri wa sera atakayependekeza mashua za starehe katika mto huo hatakuwa amekosea hesabu za biashara tu.

Ziwa Kivu nalo si ukurasa mtupu. Kigeri IV Rwabugiri, aliyekiteka kisiwa cha Idjwi, alifariki mwaka 1895 akiwa katika msafara wa kivita upande wa ziwa hilo. Mkataba wa mwaka 1910 baina ya Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza ulikiweka kisiwa hicho upande wa Kongo, na tangu hapo ziwa lililounganisha likawa ziwa linalotenganisha. Kanisa la Kibuye, ambamo maelfu waliuawa mnamo Aprili 1994, limesimama juu ya rasi inayotazama maji yale yale ambayo vipeperushi vya utalii huyasifu kwa utulivu. Mnyarwanda anayefika Karongi kupumzika huliona kanisa hilo kutoka mashuani, naye hahitaji kuelezwa ni nini. Kwa hiyo, mvuto wa safari ya majini kwake haujengwi juu ya kusahau, kama unavyojengwa mara nyingi kwa mtalii wa mbali. Ni jambo jingine, na eneo zima la maziwa makuu linasaidia kulifahamu.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Muda mfupi baadaye meli zake zilianza kuzunguka Ziwa Victoria zikibeba pamba, ngozi, barua na watu. Winston Churchill, alipovuka kwenda Uganda mwaka 1907, alisafiri kwa Clement Hill, meli ambayo wakati huo ilikuwa mpya. Wasafiri wa aina yake waliandika juu ya upepo, vitambaa vyeupe vya mezani na machweo, na kwa maandishi hayo safari ya kazi ikaanza kuonekana kuwa starehe. Baadaye Ziwa Albert lilipata Robert Coryndon, na mashua za Paraa zikawachukua wageni hadi chini ya maporomoko ya Murchison. Katika meli hizo, hata hivyo, wengi walikuwa abiria wa sitaha, na Mwafrika wa kawaida alikuwa miongoni mwao. Alilala juu ya mzigo wake, akapika au akanunua chakula njiani, akashuka alfajiri. Starehe na usafiri vilikwenda katika chombo kimoja, vikitenganishwa na ngazi ya chuma na bei ya tiketi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Liemba ya Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza huduma kwa jina jipya. Kwa miongo mingi ilisafiri kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, ikisimama mbele ya vijiji visivyo na gati, na mitumbwi ikiifuata kupakia watu, dagaa na mananasi. Watalii kutoka Ulaya walikuja kuipanda kwa sababu haikuwa ya kitalii. Mvuto wake ulitokana na ratiba, abiria halisi na bandari halisi. Mapumziko yalikuwa matunda ya huduma iliyokuwapo tayari.

Rwanda ilianzia upande wa pili. Kwa muda mrefu mashua ziliziunganisha Gisenyi, Kibuye na Cyangugu, lakini barabara ya lami ya kandokando ya ziwa ilipokamilika katika nusu ya pili ya miaka ya 2010, sababu ya kupanda mashua ikapungua kwa mtu mwenye haraka. Kilichobaki na kukua ni matembezi: saa mbili hadi kisiwa cha Napoleon kutazama popo, jioni pamoja na wavuvi wa isambaza wanaoimba katika mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, na hatimaye, katika miaka ya 2020, Mantis Kivu Queen uBuranga, nyumba inayoelea yenye vyumba 10, ambayo kwa bei na kwa lugha ya matangazo yake humlenga mgeni aliyetoka kuwaona sokwe.

Sera haikukosa nia. Kampeni ya Tembera u Rwanda iliwahimiza wananchi kuijua nchi yao. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa, kibali cha kuwaona sokwe kilishushwa kwa muda kutoka dola 1,500 hadi 200 kwa Wanyarwanda na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Punguzo hilo lilionyesha jambo ambalo watunga sera wangelijua mapema: ukarimu kwa mwananchi ulikuja wakati mgeni hayupo. Sokwe wana idadi maalumu ya wageni kwa siku, kwa hiyo bei yao inaweza kutetewa. Maji ya Kivu hayana kikomo cha namna hiyo.

Yana hatari zake, nazo zinahusu hoja hii moja kwa moja. Mnamo Oktoba 2024 meli ya abiria iliyojaa kupita kiasi ilizama karibu na Goma. Tanzania haijaisahau MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu. Safari ya bei nafuu isiyosimamiwa ni msiba unaosubiri siku yake, na woga wa maji miongoni mwa wakazi wa milimani ambao hawakujifunza kuogelea una msingi. Usalama unaotoa matumaini kwa familia ni ule wa huduma ya kudumu: idadi ya abiria iliyoandikwa, maboya yanayotosha watu wote, nahodha anayejulikana, na saa ya kuondoka isiyongoja mashua ijae.

Upande wa Rwanda umekuwa ukijengewa bandari za kisasa, Rubavu na Rusizi zikiwa miongoni mwake, zikikusudiwa hasa mizigo na biashara ya kuvuka mpaka. Gati likiwapo, meli moja ya abiria kati ya Rubavu na Rusizi kupitia Karongi, yenye sitaha ya bei ya basi na vyumba vichache vya bei ya juu, ingefuata mfano ambao Liemba iliudumisha kwa miongo mingi. Mwalimu wa Nyamirambo angeipanda kwenda kumtembelea shangazi Nyamasheke, akapumzika njiani bila kuitwa mtalii. Kanisa la Kibuye lingepita upande wake wa mashariki, naye angeweza kulitazama kwa muda anaoutaka.