Miaka ya runinga Tanzania Bara, na waliokwisha kuiacha

Mwaka 1973 Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni, tena ya rangi, jambo ambalo hakuna nchi ya Afrika kusini mwa Sahara iliyokuwa imelifanya. Ng'ambo ya bahari, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja, na ingesubiri miaka 20 na ushei. Wachache wa Dar es Salaam waliokuwa na seti walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa, wakazielekeza kisiwani.

Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imeamua hivyo kwa makusudi. Iliiona televisheni kuwa anasa ya watu wa mjini katika nchi ambayo wananchi wengi waliishi vijijini, bila umeme. Uamuzi huo umelaumiwa sana. Mimi naamini tulipata kitu kwa kuikosa runinga, na anayetaka kuelewa kwa nini watu wengi leo wanaiacha bila majuto aanzie hapo.

Mwaka huohuo wa 1973, Bara iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio vijijini. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi na kijitabu. Kipindi kilisikilizwa, watu wakajadili malaria, maji machafu na kuhara, kisha wakaondoka kwenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Sijui runinga gani imewahi kuwanyanyua watazamaji wake namna hiyo. Redio ilikuwa chombo cha watu wengi pamoja, na mkutano ulioizunguka ndio uliokuwa na nguvu.

Nje ya kampeni, Radio Tanzania Dar es Salaam iliipangia nchi siku yake. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku ilisikilizwa kwa utulivu, na watoto walikatazwa kupiga kelele. Yakifuata Mazungumzo Baada ya Habari, wazee walibaki wamekaa. Kulikuwa na Mama na Mwana, na visa vya Pwagu na Pwaguzi, na salamu zilizosafiri kutoka Kigoma hadi Lindi, na matangazo ya vifo ambayo hakuna aliyethubutu kuyakosa. Aliyetaka picha alikwenda sinema, Avalon au Empress, au kwenye sinema ya magari ya Dar es Salaam.

Miaka ya 1980 zikaingia kanda za video. Mtu mwenye dek, seti na chumba chenye giza alikuwa na biashara. Filamu za Kihindi na za kung fu zilioneshwa kwa kiingilio kidogo katika mabanda tunayoyaita vibanda umiza, kwa jinsi watu wanavyobanana humo. Baadaye wakatokea watafsiri, Lufufu akiwa maarufu kuliko wote, wanaosimulia filamu kwa Kiswahili na kuongeza ya kwao. Kwa hiyo wengi wa Bara waliijua skrini kabla ya kukijua kituo. Waliizoea kama kitu cha kwendea, unacholipia unapokitaka.

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliwafungulia mlango watu binafsi, na mwaka 1994 ITV ya Reginald Mengi ikawa hewani, sambamba na vituo vingine kama CTN na DTV. Televisheni ya taifa, TVT, ilikuja miaka kadhaa baada ya hapo. Ule ndio wakati runinga ilipotawala kweli. Nyumba yenye seti haikufungwa mlango jioni. Watoto wa jirani walikaa sakafuni. Kundi la maigizo la Kaole lilipoigiza ITV mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtaa mzima ulizungumza kisa kimoja kesho yake, na humo ndimo mwigizaji Steven Kanumba alimojulikana.

Utawala huo ulidumu muda mfupi. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata. Tanzania ilikuwa imewahi, kwani kikomo kilichokubaliwa kimataifa kilikuwa Juni 2015. Faida za kiufundi ni za kweli: picha safi, chaneli nyingi. Lakini TV ya chogo iliyonunuliwa kwa kujinyima ikawa sanduku bubu mpaka inunuliwe king'amuzi, na vifurushi navyo vikawa na mwisho wa mwezi. Hapo kaya nyingi zilijiuliza kwa mara ya kwanza kama wanachokitazama kina thamani ya wanacholipa.

Jibu halikusaidiwa na yaliyofuata. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC, yaani TVT ya zamani, haitarusha tena mijadala ya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Naliona hilo kuwa pigo kubwa kuliko king'amuzi, maana lilimwondolea mwananchi sababu nzito kabisa ya kukaa mbele ya televisheni ya taifa. Agosti 2018 baadhi ya ving'amuzi vya kulipia vikazuiwa kuonesha chaneli za ndani ambazo kisheria zilipaswa kutazamwa bure. Nia ilikuwa kumlinda mtazamaji, ila mwenye king'amuzi cha aina hiyo alilala akiwa na ITV, akaamka hana.

Simu ilikuwa tayari mkononi. Vijana walihamia kwenye vituo vya mtandaoni, wakitazama mahojiano wanayoyachagua kwa saa wanazozitaka. Hata huko serikali iliwafuata: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwadai watangazaji hao leseni na ada iliyozidi shilingi milioni 2. Watazamaji hawakurudi sebuleni. Wanaohesabu fedha zao wananunua bando badala ya kifurushi, na redio, ambayo haikuwahi kuondoka, inasikika kwenye bodaboda, dukani na katika simu ileile.

Kilichopotea ni saa mbili usiku. Mkulima wa Mbozi na karani wa Ilala walisikia jambo moja kwa wakati mmoja, wakalibishia kesho yake wakiwa na msingi uleule. Leo kila mmoja anapokea kipande chake kwenye WhatsApp, kimekatwa na mtu asiyemjua.

Kinachoibakiza runinga ni mpira. Azam TV, iliyoanza kurusha ligi kuu mwaka 2013, ilisaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Siku ya Simba na Yanga, aliyeuza seti yake anatoa kiingilio na kubanana kibandani na wenzake, kama baba yake alivyofanya enzi za dek.