Pesa ya wazee ipo. Nani anaangalia sahani?

1/ Kila msimu wa kampeni hapa Mulot mjadala ni ule ule: zile 2,000 za wazee ziongezwe ama zitoshe? Historia kidogo, watu wangu.

2/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 57: mzee ana haki ya kutunzwa na familia NA serikali. Si mmoja amwachie mwenzake.

3/ Malipo yalianza 2006/07 kwa nyumba chache maskini. 2018, Inua Jamii ikafungulia kila aliyefika miaka 70 na hana pensheni. Tangu hapo ni 2,000 kwa mwezi. Bei ya unga haikungoja.

4/ Lakini njaa ya uzeeni si ya mfuko pekee. Kogo akiishiwa meno anashinda na chai na ugali. Mayai na maharagwe haonji. Misuli inaisha, akianguka kuinuka ni shida.

5/ 2023 wahudumu wa afya ya jamii walipewa vifaa, wanafika hadi nyumbani. Ila hospitali ni za kaunti, pesa za wazee ni za serikali kuu. Anayemlipa kogo hamwoni, anayemwona halipi.

6/ Kwa hivyo mgombea akiahidi nyongeza, muulize pia: nani atampima kogo uzito, na akikonda, nani ataambiwa?