Jembe na Kaye: Somo la Kilimo katika Mashule ya Bushi

Ukiuliza wanafunzi wa sekondari huku kwetu Bushi, iwe Kabare ao Walungu, watafanya kazi gani kisha kupata diploma ya Serikali, wengi watakujibu: avoka, daktari, kazi ya NGO. Hata wale wa sehemu ya kilimo na mifugo wanajibu vile. Mwanafunzi mmoja wa darasa la tano aliniambia waziwazi: "Mwalimu, mimi niliwekwa huku juu alama zangu zilikuwa chache. Kulima, nani hajui?" Wazazi wanasema ni uvivu wa vijana wa leo. Mimi sikubali. Watoto hawa ni wa watu wanaoamka mbele ya jua kwenda shamba, na wao wenyewe wanalima kabla ya kuja masomoni. Kama wanadharau somo la kilimo, kuna kitu kilichowafundisha dharau hiyo, na mimi naona kwamba ni shule yenyewe.

Tuanze mbele ya shule. Nyumba ya Mushi ilizungukwa na shamba la ndizi. Asubuhi mavi ya ng'ombe yalitolewa ndani na kupelekwa kwenye mizizi ya ndizi. Chini ya ndizi kulikuwa maharagi. Mtama ulipandwa mbali kidogo. Maganda ya ndizi na migomba iliyokatwa yalirudi kwa ng'ombe. Mtoto aliyechunga ku mlima alijifunza ni majani gani yanaleta maziwa na ni gani yanamvimbisha mnyama tumbo. Mwalimu wake alikuwa kaka yake, ao kiboko cha baba kama ng'ombe ameingia mu mtama wa jirani. Mimea, majani ya malisho na afya ya mifugo, vitu ambavyo leo tunavigawa kwa saa tatu mbalimbali ku ratiba, vilikuwa somo moja. Na ng'ombe hakuwa wa maziwa tu. Kwa ng'ombe ao mbuzi mtu alilipa kalinzi, yaani alimpa mkubwa wa udongo haki yake, naye akapata shamba la kuachia watoto. Kwa ng'ombe kijana alioa.

Sisemi kwamba wazee walijua yote. Tauni ya ng'ombe ilipofika katika nchi za Maziwa Makubwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, iliua mifugo bila kipimo, na hakuna dawa ya majani iliyoizuia. Ugonjwa huo ulishindwa na chanjo, na mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umemalizika katika dunia nzima. Elimu ya kizungu ilikuwa na kitu cha kutufundisha. Shida ni namna ilivyoletwa.

Ililetwa na amri. Tangu 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka kilimo cha lazima: kila mwanaume mwenye afya alipewa mimea ya kupanda na kipimo cha shamba, na amri ya 1933 iliruhusu kumtumikisha hata siku 60 kwa mwaka. Agronomi alipita kupima. Mwenye kupunguza alilipa faini ao alifungwa. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, na kampuni hiyo ikapewa uwezo wa kugawia wakoloni udongo. Milima iliyokuwa malisho ikageuka kahawa, kinini na chai. Kisha, kwa sababu watu na ng'ombe walibanwa ku sehemu iliyobaki, udongo ukaanza kuteremka na mvua, na hapo mwananchi akaambiwa kwamba ni yeye hajui kulima! Akalazimishwa kuchimba mitaro na kupanda mistari ya majani ya kushika udongo. Majani yale yalikuwa mazuri, mpaka leo nawafundisha wanafunzi kuyapanda, na yanalisha mifugo vilevile. Lakini uhuru ulipokuja mwaka 1960 mistari mingi iliachwa. Watu waliona ndani yake sura ya agronomi, hawakuona tena udongo.

Mwaka huohuo wa 1933 iliundwa INEAC, chuo cha utafiti wa kilimo chenye makao yake Yangambi. Kwetu ilikuwa na kituo cha Mulungu, na kule Ituri kituo cha Nioka kilichojulikana kwa mifugo. Wataalamu wake walifanya kazi kubwa sana. Lakini kati ya Mulungu na mama mwenye jembe kulisimama monitere mwenye kaye ya faini, na elimu iliyopita katika mkono ule ilifika imekuwa chungu.

Na shule? Mpango wa masomo wa 1929 kwa mashule ya misioni uliweka kazi za mikono na kilimo kuwa sehemu kubwa ya elimu ya mtoto. Bustani ya shule ilimlisha mtoto, lakini ililisha vilevile misioni. Jambo zito zaidi, kwa maoni yangu, ni mabadiliko ya 1948, ambayo watu wengi wamekwisha kusahau. Kisha miaka miwili ya kwanza ya shule ya msingi, watoto waligawanywa. Wachache waliochaguliwa waliwekwa katika darasa lililotayarisha kwenda sekondari, na Kifaransa chake. Wengine wote waliwekwa katika darasa la kawaida, wabaki kijijini mwao, na hao ndio waliozidishiwa kilimo. Fikiri mzazi anayetazama watoto wake wawili: mmoja anarudi na kitabu, mwingine anarudi na udongo ku magoti. Hakuna mtu aliyehitaji kumueleza maana ya jembe. Mwanafunzi wangu wa alama chache hajui hata kidogo habari za 1948, lakini jibu lake linatoka pale.

Kisha uhuru tungeweza kugeuza mambo. Hatukuyageuza. Wakati wa Zaïre ilikuja Salongo, kazi ya bure ya kila juma, na wanafunzi walitolewa na majembe kama wazazi wao zamani. Sheria ya udongo ya 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na wenye cheo walijua njia ya kupata karatasi. Kalinzi ya mzee haikuwa na karatasi. Ku mashule, mtoto aliyechelewa alitumwa kulima nyuma ya darasa. Mimi nililima hivyo, na, naona haya kuandika, katika miaka yangu ya kwanza ya ualimu niliwalimisha wengine. Saa mbili nilifundisha kwamba kilimo ni sayansi. Saa nne nilikitumia kama fimbo.

Halafu vita vya 1996 na 1998. Ng'ombe wa Bushi waliporwa ao kuchinjwa, zizi baada ya zizi. Watu walilia maziwa na mahari, lakini walichelewa kuona kwamba mbolea nayo ilikuwa imekwenda. Shamba la ndizi bila mavi ya ng'ombe linachoka. Juu ya uchovu huo ukaja mnyauko wa ndizi, ambao ulionekana Masisi mwaka 2001 kisha ukashuka mpaka kwetu: majani yanakuwa manjano, tunda linaiva kabla ya wakati, ukilikata ndani limeharibika. Panga linalokata mgomba mgonjwa na kupita ku mzima bila kuchomwa ku moto linapeleka ugonjwa lenyewe.

Hapo ndipo niliona darasa langu likiamka. Shule yetu haikuwa tena na mnyama hata mmoja; nilichora kupe ku ubao. Nikawatuma wanafunzi nyumbani kuuliza. Kijana mmoja alirudi na habari ya babu yake: ndama akishikwa na homa, unapapasa chini ya sikio, ukikuta uvimbe wa tezi unajua ni ugonjwa wa kupe, na zamani waliuchoma kwa chuma cha moto. Kuchoma hakuponyeshi. Lakini alama ya tezi ni ileile iliyo katika kitabu chetu cha Kifaransa, ukurasa uleule ambao hawakuuelewa! Mwanafunzi wa kike akaleta simbiliki wawili katika kitunga. Mnyama huyu ndiye aliyebaki kwa maskini: anajificha chini ya jiko, mwizi hamfikirii, anazaa kisha miezi miwili hivi. Tukajifunza kwake mengi: majani mabichi ni lazima kwake, maana mwili wake haujitengenezei vitamini C, majani yenye umande yanamharisha, yaache kwanza yanyauke, mavi yake yanafaa mboga.

Tangu siku hiyo kaye zao zina mistari miwili ya majina, ya majani na ya magonjwa: upande mmoja Kifaransa, upande mwingine Mashi. Prefe alipita, akafungua moja, akaniuliza ni upande gani utatoka ku mtihani wa Serikali. Nilimjibu ukweli: wa kwanza. Akatikisa kichwa, akarudisha kaye. Simbiliki wamekuwa tisa.