Siwa ya Mwana Darini: Uasi wa Ndugu na Haki ya Kiti cha Pate

Siwa ya Pate, baragumu la kifalme la kisiwa hicho cha pwani ya Kenya, ni ndefu kuliko kimo cha mtu. Ni ya pembe ya ndovu, na tundu lake la kupulizia liko ubavuni, si nchani. Anayeiona kwa mara ya kwanza huvutiwa na uchongaji, na uchongaji wenyewe unastahili. Lakini kinachoniita mimi ni kisa chake. Khabari za Pate, masimulizi ya wafalme wake, zasimulia kwamba Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alifiwa na mume aliyeuawa na mfalme. Mwanawe alipofikia tohara, mfalme naye akaandaa tohara ya watoto wake, na mama huyo akanyimwa siwa. Akamwita fundi Mwenyi Bayayi, akachongewa yake.

Mwana Darini hakuomba kiti. Alidai mlio. Siwa ilipigwa pale tu penye shughuli za nyumba zinazostahiki, na kumnyima mtoto mlio huo kulikuwa kumtoa katika hesabu ya wenye haki. Kwa hiyo naiona siwa ile kuwa hati ya madai, hati iliyoandikwa kwa pembe. Wanahistoria wetu wamezoea kuutafuta uasi penye bunduki na majahazi ya vita, na wakaupita huu uliofanyika katika karamu.

Hoja yangu ni kwamba waasi wa Pate hawakuwa wavamizi wa kiti bali wenye haki nacho, na kwamba mgogoro ulizaliwa na namna haki yenyewe ilivyojengwa. Twende kwenye asili inayosimuliwa. Suleiman bin Suleiman, Mnabahani kutoka Omani, anafika Pate mwaka 600 wa Hijria, yaani 1204, anamwoa binti wa mfalme wa Kibatawi, na mkwe anamkabidhi ufalme. Neville Chittick aliikataa tarehe hiyo mwaka 1969, na tangu hapo wataalamu wamebishana juu ya miaka. Ubishi huo una faida yake, ila umelifunika jambo zito zaidi: ufalme uliingia mlango wa mke, kisha ukadaiwa na watoto kwa jina la baba. Hizo ni haki mbili katika nyumba moja. Aliyeshindwa kwa baba aliweza kusimama kwa mama.

Ndiyo maana karne ya 18 Mwana Khadija aliweza kukalia kiti, ingawa mji ulipigana wenyewe kwa wenyewe. Na ndiyo maana baadhi ya wahakiki wanausoma ugomvi wa shujaa Fumo Liyongo na mpinzani wake wa kiti, Daudi Mringwari, kama ulivyotungiwa utendi na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, kuwa ni mvutano wa urithi wa upande wa mama na wa upande wa baba. Usomaji huo naukubali. Liyongo hauawi na adui wa nje; anauawa na mwanawe wa kumzaa, kwa sindano ya shaba kitovuni.

Jambo hili si la pwani peke yake. Huko Uskoti, desturi ya Wagaeli iliruhusu kiti kizunguke baina ya matawi ya ukoo, mpaka uzao mmoja ulipoamua kurithishana baba kwa mwana. Akina Mac William, wazao wa mfalme Duncan wa Pili, hawakukubali. Walipigana kwa vizazi, na mwaka 1230 mtoto wao wa mwisho, msichana mchanga, aliuawa hadharani Forfar. Wafalme walioshinda waliwaita waasi, na jina hilo likawaganda.

Tofauti ya Pate ni kwamba ndugu waliokosana walikuwa na bahari mbele yao, na kwenye bahari kuna wageni. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wamazrui, watawala wa Mombasa, waliingia katika ugomvi wa warithi wa Pate. Katika Vita vya Shela, karibu na 1813, watu wa Lamu waliwashinda Pate na Mombasa pamoja, kisha Lamu ikaelekea kwa Sayyid Said wa Omani. Hapo ugomvi wa ndugu ukawa biashara ya madola.

Ahmad Simba, Mnabahani wa Pate, ndiye anayeonyesha mwisho wa njia hiyo. Alifukuzwa kisiwani, akavuka hadi bara, akajenga Witu katikati ya msitu pamoja na watoro waliokimbia utumwa. Kwa masultani wa Zanzibar, wazao wa Sayyid Said, alikuwa mwasi. Kwa Wajerumani wawili, ndugu Denhardt, waliotiliana naye mkataba Aprili 1885, alikuwa Sultani, na Ujerumani ikamkinga. Damu yake ya Kinabahani haikubadilika hata tone. Kilichobadilika ni nani aliyehitaji kuitambua. Julai 1890 Ujerumani iliiachia Uingereza Witu katika makubaliano ya Heligoland. Septemba Wajerumani kadhaa waliuawa huko, na Oktoba jeshi la Waingereza likauchoma mji wa Fumo Bakari, mrithi wa Simba.

Baadaye Bwana Kitini alimsimulia afisa Mwingereza, C. H. Stigand, zile Khabari tunazozisoma leo. Jina lake kamili ni Muhammad bin Fumo Omar Al-Nabahani. Aliwapanga wafalme mmoja baada ya mwingine, mwaka kwa mwaka tangu 1204, kana kwamba kiti hakikuwahi kuwa na shaka. Tunaponukuu orodha hiyo kama kipimo cha nani alikuwa mfalme na nani mwasi, tunasoma ushahidi wa mdai, aliyeutoa wakati Pate haina tena kiti cha kugombewa. Alikuwa na kila sababu ya kuunyoosha. Na bado, katikati ya orodha hiyo iliyonyooka, alimwachia nafasi Mwana Darini na fundi wake.