Stesheni ya Syokimau na Reli Zake Mbili

Stesheni ya Syokimau, iliyoko kusini-mashariki mwa jiji la Nairobi karibu na barabara ya Mombasa, ilifunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, zaidi ya miaka mia moja baada ya reli kutoka Mombasa kufika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Mtaa wa Syokimau una jina la nabii wa kike wa Wakamba, anayesimuliwa kuwa alibashiri ujio wa nyoka mrefu kutoka pwani. Kwa kuwa bishara kama hiyo husimuliwa pia juu ya Mugo wa Kibiru wa Wagikuyu, inafaa isomwe zaidi kama kumbukumbu ya namna watu walivyoipokea reli.

Stesheni ilikusudiwa kupunguza msongamano wa magari: mkazi angeegesha gari lake hapo, akapanda treni ya mjini, yaani ile ya masafa mafupi inayowapeleka watu kazini asubuhi na kuwarudisha jioni, akapitia Imara Daima na Makadara hadi Stesheni Kuu. Kusudi hilo lilipata sura nyingine tarehe 31 Mei 2017, reli mpya ya SGR (Standard Gauge Railway) kutoka Mombasa ilipozinduliwa na kituo chake cha Nairobi kuwekwa Syokimau, mbali na katikati ya jiji.

Ugumu wa kuunganisha reli hizo mbili ulikuwa katika geji, yaani upana wa nafasi iliyo baina ya pau mbili za reli. Njia ya kikoloni, inayotumiwa na treni ya mjini, ina milimita 1,000 na SGR ina 1,435, hivyo behewa la njia moja haliwezi kuendelea katika nyingine, na abiria hana budi kushuka na kubadilisha treni. Geji hiyo ya zamani, iliyolaumiwa mno kwa uchakavu wa njia zake, ndiyo iliyoiwezesha Kenya mwaka 2020 kuleta treni za dizeli zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca nchini Uhispania, kwenye reli ambazo nazo ni za milimita 1,000.

SGR ilipoendelezwa hadi Suswa mwaka 2019, ilikatiza juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi badala ya kuingia mjini. Hadi leo msafiri anayeshuka Syokimau akitoka Mombasa huifikia Stesheni Kuu kwa reli ya zamani, na akikosa treni hiyo hupanda matatu.