Maonyo ya Vyeti vya Usalama na Lugha Yake

Kampuni ya Netscape ilipoanza, katikati ya miaka ya 1990, kusitiri habari zipitazo baina ya kompyuta ya msomaji na mtambo wa mbali, mtambo ule ulipaswa kutoa cheti cha kujithibitisha. Cheti hicho huwa na jina la tovuti, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na sahihi ya mamlaka iliyokitoa. Likiharibika mojawapo, kivinjari hutoa onyo.

Maonyo ya zamani yaliandikwa kwa lugha ya mafundi. Yalimwambia mtu kwamba cheti kimetolewa na mamlaka isiyojulikana, kisha yakamwuliza kama ataendelea. Yaani, alitakiwa kuhukumu jambo lililoushinda mtambo wenyewe! Neno kubwa, kwamba huenda mwizi amejitia katikati, mara nyingi halikutajwa waziwazi. Tena mara nyingi hapakuwa na mwizi: cheti kilipitwa na siku tu, au saa ya kompyuta ilikwenda kombo. Basi watu wakazoea kupuuza.

Firefox 3, mwaka 2008, ilijaribu ukali, ikamlazimisha mtu kupita hatua kadhaa kabla ya kuendelea. Mwaka 2013 Devdatta Akhawe na Adrienne Porter Felt, waliochungua maonyo zaidi ya milioni 25 ya namna mbalimbali, waliona kwamba maonyo ya vyeti yalipuuzwa kwa asilimia 70 katika Chrome, na 33 katika Firefox. Lakini kutii si kufahamu. Mwaka 2014 Chrome iliondoa neno cheti katika kichwa cha onyo, ikasema kwamba mawasiliano si ya faragha. Kitufe cha kurudi kikang'arishwa, njia ya kuendelea ikafichwa. Taarifa ya 2015 yaonyesha kwamba takriban asilimia 30 zaidi ya watumiaji wote walichagua usalama, bali watungaji wake walikiri kwamba ufahamu haukupatikana.

Kwa Kiswahili shida huzidi. Cheti kwetu ni cha kuzaliwa au cha shule; aambiwaye "cheti si sahihi" aweza kudhani kwamba chake ndicho chenye kasoro. Na sahihi hiyohiyo ni mkono uliotiwa chini ya hati! Afadhali kuandika: "Hatukuweza kuthibitisha kwamba hii ni tovuti ya benki yako, usiandike neno la siri." Na kosa likiwa la saa, Chrome yenyewe sasa hutaja saa, wala haisumbui mtu kwa habari za cheti.